Kusoma Saikolojia Si Kusoma Nyota

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, na vijana waliofaulu wakaanza kuchagua kozi za chuo kikuu, huzuka ubishi katika nyumba nyingi. Kijana akichagua udaktari, nyumba nzima hupiga vigelegele. Akichagua uanasheria au uhandisi, baba hutoka kwenda kuwasimulia wenzake barazani. Akichagua ualimu, watu husema si haba, mkate upo. Lakini akisema anataka kusoma saikolojia, kimya huingia. Baba humtazama mama, mama humtazama shangazi, kisha mmoja huuliza: "Saikolojia ndiyo nini? Ndiyo ile ya kutibu vichaa?" Na mwingine, aliyesikiasikia mambo mjini, humjibu: "La, ndiyo ile ya kujua mtu anawaza nini."

Majibu yote mawili hayako sawa. Na kwa kuwa yamewafanya wazazi wengine wawakataze watoto wao, na wengine wawaruhusu kwa matumaini yasiyo na msingi, nimeonelea juma hili tulitazame jambo lenyewe. Kijana anayekaa chuo kikuu miaka minne akisomea shahada ya kwanza ya saikolojia husoma nini hasa, na akitoka huwa anajua nini? Mimi niliisoma elimu hiyo, kwa hiyo nitasema niliyoyaona darasani pamoja na yale yaliyokuja kujulikana baadaye.

Tuanze na hao wanaoitwa vichaa, ijapokuwa neno lenyewe silipendi. Anayewatibu wagonjwa wa akili kwa dawa ni daktari aliyesoma kwanza udaktari wa kawaida, wa kupima homa na kuzalisha akina mama, kisha akaendelea na masomo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwanasaikolojia wa hospitali, yule anayetibu kwa mazungumzo na kwa kumzoeza mgonjwa namna nyingine ya kufikiri na kutenda, naye huhitaji shahada ya pili, na kipindi cha mazoezi chini ya jicho la mkubwa wake. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza si huyu wala si yule. Amefika mlangoni, naye bado ameshika viatu mkononi.

Nyumbani hawajui hivyo. Kijana akirudi likizo ya kwanza, mjomba humwita mbele za watu: "Ewe mpwa wangu, hebu nitazame usoni, uniambie ninawaza nini." Mpwa hucheka kwa heshima na kusema hajui. Mjomba naye hugeuka kwa jamaa: "Sasa hiyo karo tunailipia nini?"

Kuna jibu zuri la kumpa mjomba. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia nchini Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa kupima tabia. Baadaye akampa kila mmoja karatasi yenye maelezo ya tabia yake, akawaomba waseme, kwa alama kuanzia sufuri hadi tano, maelezo hayo yamewagusa kiasi gani. Wastani wa alama walizotoa ulipita nne. Karibu kila mmoja aliona ameelezwa yeye hasa: kwamba hupenda kupendwa na watu, kwamba ana uwezo ambao hajautumia, kwamba kwa nje hujitawala ilhali ndani ana wasiwasi. Ndipo Forer alipowafunulia kwamba karatasi zote zilikuwa na maneno yale yale, na kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo aliyatoa katika kijitabu cha nyota kinachouzwa barabarani. Magazeti yetu, pamoja na hili litakalochapisha mazungumzo haya, yana ukurasa wa nyota. Sitasema zaidi ya hapo.

Hilo ndilo somo la mwanzo, nalo ndilo linaloitenga saikolojia na ramli. Mpiga ramli hutafuta maneno yatakayokugusa. Mwanafunzi wa saikolojia hufundishwa kuyaogopa maneno yanayogusa mpaka yapimwe.

Na kupima ni hesabu. Hapa ndipo wengi wa mwaka wa kwanza huvunjika moyo. Kijana amechagua kozi hii kwa sababu aliwaza ni mambo ya watu, ya mapenzi na ndoto na hofu, hesabu ameziacha shuleni. Anafika chuoni na kuzikuta zimemtangulia, zimekaa kitako zinamsubiri: takwimu, sampuli, wastani, uwiano, hojaji za kupanga na kuhesabu. Nakumbuka darasani kwetu kulikuwa na kijana aliyeuliza kwa uchungu kabisa, "Mwalimu, moyo wa mtu una desimali?" Tulicheka. Mhadhiri hakucheka. Alisema moyo hauna, bali madai yetu juu ya moyo wa mtu mwingine hayana budi kuwa nazo.

Ngoja nitoe mfano wa sokoni. Tuseme kuna mganga mtaani anayewapa dawa watu wasiopata usingizi. Amewatibu watu 20, na baada ya wiki mbili 14 kati yao wanalala vizuri. Je, dawa imefanya kazi? Mtaa mzima utasema ndiyo, na 14 wenyewe wataapa. Lakini mtu huenda kwa mganga hali inapokuwa mbaya kupita kawaida yake, na hali ikishafika ukingoni mara nyingi hurudi yenyewe. Tuseme nusu ya watu wa namna hiyo hupona bila dawa yoyote. Basi chukua sarafu ya shilingi, uirushe mara 20, uhesabu vichwa. Kupata vichwa 14 au zaidi kwa bahati tupu hutokea karibu mara moja katika kila majaribio 17. Ni haba, lakini si muujiza. Maana yake ni kwamba mjini wakiwapo waganga 17, yupo mmoja atakayejipatia sifa hizo kwa kugawa maji ya mfereji.

Sasa mwondoe mganga, umweke mshauri nasaha mwenye ofisi, zulia na cheti ukutani. Swali linabaki lile lile: hao waliopona, wangapi wangepona wakiwa nyumbani kwao? Kijana akitoka chuo kikuu na swali hilo peke yake, naona karo haikupotea.

Mtu ataniuliza, kwani kutopima kuna hasara gani? Tuna mfano wetu hapa hapa nchini. Hospitali ya Mathari mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1910 wakati wa ukoloni. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza aliyeitwa J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa na mafunzo maalumu ya magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo mno sehemu ya mbele ya ubongo wake, na akamlinganisha na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu hiyo kwa upasuaji. Tafakari, msikilizaji: mtu aliyekaa miaka 12 akiwaangalia wagonjwa waliofungiwa ndani ya ukuta, anatoka na kuhukumu bara zima lililo nje ya ukuta huo.

Wala hakuishia hapo. Mwaka uliofuata, 1954, serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Chanzo cha vita hivyo alikitafuta zaidi katika nafsi ya Mkikuyu aliyechanganyikiwa kati ya desturi za kale na maisha mapya, kuliko katika shamba alilonyang'anywa. Maneno hayo yalikuwa na jina la elimu, yakatoka serikalini wakati maelfu ya watu wamezuiliwa kambini. Frantz Fanon, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya akili nchini Algeria, alimjibu Carothers katika kitabu chake cha mwaka 1961, kile kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Lakini jibu lilikuja wakati watu wameshapigwa kwa fimbo ya kitaalamu.

Ninalitaja jambo hili kwa sababu mwanafunzi wa saikolojia asipojua sampuli ni nini, hana silaha ya kumjibu Carothers. Atakasirika tu, na hasira si hoja. Aliyesoma takwimu za mwaka wa kwanza atauliza maswali matatu: Uliwaangalia nani? Uliwalinganisha na akina nani? Ungeona nini kama ungekuwa umekosea? Kitabu kizima kitaanguka chini.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba upofu huo uliondoka na bendera ya mkoloni. Fungua kitabu cha saikolojia ambacho wanafunzi wetu hukisoma leo. "Watu" wanaotajwa humo ni watu gani? Mwaka 2008 mtafiti Jeffrey Arnett alitoa hesabu yake baada ya kupitia majarida sita makubwa ya Marekani ya miaka ya 2003 hadi 2007. Alikuta watu 96 katika kila 100 waliofanyiwa uchunguzi walitoka katika nchi tajiri za viwanda za Magharibi, nchi ambazo zina watu 12 tu katika kila 100 walioko duniani. Na katika jarida mojawapo, kwa mwaka 2007, karibu theluthi mbili ya uchunguzi uliofanyika Marekani uliwatumia wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma saikolojia, basi. Yaani mwanafunzi wa Nairobi au wa Eldoret anayefundishwa namna binadamu anavyokumbuka, anavyopenda na anavyokasirika, mara nyingi anafundishwa namna mwanafunzi mwenzake wa Marekani, mwenye umri wa miaka 19, alivyojaza karatasi ili apate alama za kozi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata yale yaliyotoka kwetu hurudi kwetu yamevalishwa nguo za wengine. Katika chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, tulikuwa na nakala moja ya kitabu cha malezi iliyokuwa ikigombewa kama maji ya kiangazi. Humo tulisoma habari za Mary Ainsworth na chumba chake cha uchunguzi huko Baltimore: mama anaingia na mtoto, mgeni anaingia, mama anatoka kwa dakika chache, kisha anarudi, na watafiti wanaangalia mtoto anampokeaje. Kwa njia hiyo wakaeleza mfungamano wa mtoto na mlezi wake. Tuliikariri Baltimore mpaka tukaiota.

Lakini kabla ya Baltimore palikuwa na Uganda. Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akaingia katika vijiji vya Waganda vilivyo karibu na mji, akiwa na mkalimani, akawa anatembelea nyumba 26 zenye watoto wachanga 28. Alikuwa akikaa sebuleni saa mbili hivi, akirudi kila baada ya wiki mbili kwa miezi, akitazama mtoto analia lini, anamfuata nani, ananyamazishwa na nani. Fikra yake kwamba mama ni kama ngome, mtoto hutoka kutalii na kurudi akitishika, aliipata akiwatazama watoto hao. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Tena nyumba zile zilikuwa na nyanya, shangazi na dada wakubwa waliomlea mtoto pamoja na mama, jambo ambalo katika chumba cha Baltimore chenye mama mmoja na mgeni mmoja lisingeweza kuonekana. Sisi tulioketi upande wa pili wa mpaka wa Busia hatukuambiwa neno juu ya Uganda.

Mfano mwingine ni wa hapa kwetu Bonde la Ufa. Kwa muda mrefu wataalamu walisema mtoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kuliko wa Kizungu, na baadhi yao wakadhani ni jambo la damu. Miaka ya sabini Mmarekani Charles Super alikaa miongoni mwa wakulima wa Kikipsigis mahali panapoitwa Kokwet. Alikuta ni kweli, watoto walikaa na kutembea mapema, kwa tofauti ya mwezi mmoja hivi. Lakini katika kutambaa hawakuwa na haraka hiyo. Sababu? Akina mama wa Kokwet walikuwa wakiwafundisha watoto kukaa, hata kwa kuwachimbia kishimo kidogo ardhini cha kuwaegemeza, na wakiwafundisha kutembea. Kutambaa hawakukufundisha, maana nani anataka mtoto atambae karibu na moto? Super aliyachapisha hayo mwaka 1976. Jambo la damu likawa jambo la mazoezi. Mama yeyote wa Kericho angeweza kukueleza hivyo bila malipo, lakini hakuna aliyekuwa amemwuliza huku akihesabu.

Na mfano wa tatu, kwa wazazi wanaolia juu ya alama. Watafiti waliokuwa na Robert Sternberg walikwenda Usenge, karibu na Ziwa Viktoria, wakawapima watoto 85 wenye umri kati ya miaka 12 na 15. Waliwauliza juu ya dawa za miti shamba zinazotumiwa nyumbani kutibu minyoo na maradhi kama hayo, maarifa ambayo yana faida kila siku mahali pale. Kisha wakawapa mitihani ya kishule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Si kwamba walikuwa wajinga. Akili yao ilikuwa imewekezwa kwingine. Katika utafiti mwingine wa huko huko, watu walipoulizwa mtoto mwenye akili ni yupi, walitumia maneno manne ya Kijaluo: rieko, luoro, winjo na paro, ambamo mna ujuzi, heshima, kuelewa namna ya kuyashika mambo ya maisha, na kujituma. Ni rieko peke yake iliyokwenda pamoja na alama za darasani. Sisi tumechukua neno moja katika manne, tukalijengea shule, mitihani na vyuo vikuu. Haya matatu yaliyosalia yatapimwa na nani, kama si na hao wanafunzi wetu?

Nisiwape vijana picha kwamba kila kilichotoka ng'ambo ni uongo na cha hapa ni kweli. Ubaya wa sampuli hauna pasipoti. Tena wenyewe wa ng'ambo wameanza kujikosoa, na kwa hili nawavulia kofia. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza kwamba limerudia chunguzi 100 zilizokuwa zimechapishwa katika majarida ya saikolojia. Karibu zote zilikuwa zimetangaza ushindi. Ziliporudiwa, ni kama 36 tu zilizotoa jibu lile lile kwa uwazi. Jaribio maarufu la jela la chuo cha Stanford, la mwaka 1971, ambalo sisi tulifundishwa kama aya ya msahafu, kwamba mtu mwema akipewa fimbo ya askari jela hugeuka mnyama mwenyewe, lilichunguzwa upya katika kumbukumbu zake. Mwaka 2019 ikaandikwa kwamba hao askari walikuwa wameelekezwa mapema namna ya kuwa wakali. Mwanafunzi anayeingia leo ana bahati kuliko sisi. Anaingia wakati nyumba inafagiliwa, na anaweza kuona vumbi lilikaa wapi.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nichague mada hii.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu aliyefiwa na binti yake. Jamaa zake walimshauri amwone kijana aliyekuwa amehitimu karibuni na kufungua ofisi ya ushauri. Kijana alimsikiliza, akafungua daftari, akamweleza kwamba huzuni ina hatua tano na kwamba yeye yuko katika hatua ya kwanza, ya kukataa, kwa kuwa bado anatandika kitanda cha marehemu kila asubuhi. Yule mama alimwambia, "Mwanangu, sijakataa. Nilimwosha kwa mikono yangu." Akainuka, akalipa, na hakurudi tena kwa mtaalamu yeyote. Aliponisimulia, hakuwa na hasira. Alikuwa akimhurumia kijana.

Hizo hatua tano zilitoka katika kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969. Alikuwa amezungumza na wagonjwa wa Chicago waliojua kwamba wao wenyewe watakufa. Hakuwa akieleza habari za mama aliyekwisha zika, sembuse mama wa Pwani aliyeosha maiti, akakaa tanga, akasomewa dua. Zilikuja kusogezwa kwa wafiwa baadaye, na katika vitabu vya mwaka wa kwanza hupewa ukurasa mmoja wenye mchoro. Kijana yule aliukumbuka mchoro. Kosa lake si ukatili, maana alitaka kusaidia. Kosa ni kwamba alipewa shahada, akaachwa aamini kwamba shahada hiyo inamruhusu kukaa peke yake mbele ya msiba wa mtu.

Sheria ipo. Mwaka 2014 Kenya ilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili, na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa ni kosa. Lakini vibao vya rangi vinavyoning'inia juu ya ngazi za majumba mijini haviandikwi na bodi. Mzazi anayempeleka mtoto wake aliyeacha kula, au mke anayempeleka mume aliyetaja kujiua, ana haki ya kuuliza kabla ya kuketi: umesajiliwa, na namba yako ni ipi, na nani anakusimamia? Mtu wa kweli hatakasirika kwa swali hilo. Hata fundi wa gari hatumwachii ufunguo bila kuuliza.

Wala sisemi kwamba asiye na shahada kubwa hawezi kusaidia. Zimbabwe imetuonyesha kinyume. Huko Harare, mtaa wa Mbare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, wazee wa mtaa, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia achague tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Waliketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Maradhi hawakuyaita kwa Kiingereza. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo ni kuwaza kupita kiasi, na sisi wa Kiswahili tunalielewa mara moja, kwani nasi husema fulani amezidiwa na mawazo. Jambo lililonifurahisha ni kwamba hawakuridhika na sifa za mtaani. Walipima. Wagonjwa 573 waligawanywa, wengine wakapata mabibi na wengine wakapata huduma ya kawaida, na baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mabibi hao hawakuwa na digrii, lakini walikuwa na mafunzo, walikuwa na msimamizi, na penye jambo zito walijua pa kumpeleka mgonjwa. Kijana wetu wa ofisini alikuwa na digrii, akakosa hayo matatu.

Basi kijana afanye nini na shahada yake? Kazi zipo, ingawa hazina jina lake mlangoni. Wapo walioingia katika ofisi za utumishi, katika kampuni zinazouliza watu wananunua nini na kwa nini, katika mashirika ya watoto, katika magereza, na katika utafiti wa afya ambako mtu anayejua kutunga swali bila kumwekea mjibuji jibu mdomoni ni dhahabu. Wengine huendelea na shahada ya pili na kuwa matabibu kamili. Kwa mzazi anayeniuliza, huwa ninamwambia asitazame jina la kozi bali aulize mambo ya ndani: wanafunzi hupelekwa lini kazini, nani huwasimamia, na katika mwaka wa nne huandika nini.

Hili la mwaka wa nne nataka kulisemea kwa wakuu wa vyuo, ikiwa wananisikiliza. Kila mwanafunzi katika vyuo vyetu vingi hufanya utafiti mdogo kabla ya kuhitimu. Mmoja amewauliza makondakta wa matatu wanavyokumbuka nauli za abiria 14 bila kuandika. Mwingine amewahesabia watoto wa kijiji chao wanavyogawana maembe. Mwingine amewakuta wajane na kuwauliza nani aliwasaidia kulala usiku wa kwanza, na usiku wa arobaini. Kazi hizo hupewa alama, hufungwa kwa kamba, huwekwa katika stoo ya idara, na panya huzisoma kwa makini kuliko mtu yeyote. Nyingi ni dhaifu, najua, zangu zikiwamo mbele ya foleni. Lakini mia mbili dhaifu zilizouliza swali moja kwa namna moja, mwaka hadi mwaka, Kisumu na Lamu na Machakos, si dhaifu tena. Idara ingekaa na kuchagua swali hilo, ikawapa wanafunzi wote hojaji moja iliyotungwa kwa lugha zao, na kuhifadhi majibu mahali pasipovuja, baada ya miaka kumi mwalimu wa mwaka wa kwanza angekuwa na ukurasa wa kusoma darasani ambao haukutoka Baltimore. Gharama yake ni karatasi, kabati, na mkutano mmoja wa idara usioahirishwa.